Mguu Wako na Digrii Yangu

Kibe,

Ndengu ziko kwa sufuria ndogo, pasha tu. Maji yakirudi jaza mtungi haraka, kabla hayajapotea tena. Nimeenda tao, huko mjini, kujiandikisha chuoni, leo ndiyo mwisho.

Najua umekasirika. Nilisikia ulivyogongesha magongo yako mlangoni.

Asubuhi Mama alikuwa bado anashikilia nisomee unesi, kama binti wa mwajiri wake kule Lavington. Nikaona nashindwa, ndiyo nikasema nataka digrii ya fiziotherapia ili nikurudishe kutembea. Mama akalia, akakubali papo hapo. Wewe ukasukuma kikombe: "Kwa hivyo mimi ndio mgonjwa wako wa maisha?" Nami nikakujibu vibaya, eti nani mwingine atakuvumilia. Pole, Kibe.

Ukweli ni huu. Nikikupeleka kliniki, nilikuwa namwangalia yule mama anayekufanyisha mazoezi akifanya kazi mpaka nasahau kukuangalia wewe. Niliipenda kazi yenyewe. Ningeipenda hata kama lile gari lisingekugonga. Niliona aibu kumwambia Mama hivyo, nikatumia mguu wako kumlainisha.

~~Usimwonyeshe Mama hii karatasi.~~ Mwonyeshe akitoka kazini. Akibadilisha nia, abishane na mimi, wewe usiingizwe.

Mguu ni wako. Ukitaka nikusaidie mazoezi, utaniambia. Usipotaka, nitajaribu kunyamaza.

Dada yako,
Wangui