Zamu ya maji na mabano ya Frida

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimerudi Ruaha Mbuyuni toka hospitali Mbeya. Jicho limefunguliwa! Naona mpaka sisimizi ukutani. Asante Mungu, na asante daktari yule, binti mdogo mwenye mkono mwepesi. Ila kazi ya kusafisha mfereji imenipita, imefanyika jana. Na vitunguu vyangu vimeanza kunyauka – bila maji wiki hii, basi tena.

Mjukuu wangu Frida kaja toka Mlandege kuniangalia. Ile tovuti ya zamu za maji kaitengeneza yeye, kwa javaskripti. Lakini sheria ni yangu! Nilimsomea mwenyewe: atangulie mzee au mjane na aliyefika kazi ya mfereji. Akauliza aweke mabano? Nikasema andika nilivyosema, Kiswahili changu hakihitaji mabano.

Jumatano, 4 Septemba

Ujumbe kwenye simu – maji ya kesho ni ya Jailos Kalinga, yaani mimi! Mashine inawajua wakubwa.

Kaja jirani Marta, mjane. Kasema yeye Jumapili alishinda mferejini na jembe, mimi sikuonekana, mbona nimempita? Nikamwambia mashine haina upendeleo. Wote wawili tumekubaliwa, mkubwa katangulia. Kajifunga kanga upya, kaondoka. Sikuupenda ule mwendo.

Frida kasikia. Kaandika kwenye simu 2 + 3 × 4. Nikasema ishirini, hesabu naijua toka darasa la tatu! Simu ikasema kumi na nne. Nikasema simu mbovu.

Kacheka. Kuzidisha kunatangulia, mume wangu – ndivyo anavyonitania babu yake – kujumlisha kunasubiri. Na kwenye sheria yako ni hivyo hivyo: "na" inatangulia, "au" inasubiri. Kompyuta imefunga mjane pamoja na kazi. Mzee kabaki peke yake, anapita bure hata asiposhika jembe!

Siyo nilivyotaka. Nilitaka wote wafanye kazi. Kumbe mabano yangewafunga kwanza mzee na mjane, ndipo kazi iwahusu wote wawili. Nimeelewa haraka, kichwa changu siyo cha mchezo. Karudia mara tatu tu, wala hakununa. Nashukuru kwa mtoto huyu.

Kauliza: niyaweke sasa? Utatoka kwenye zamu, babu. Au niongeze "au mgonjwa"?

Nikasema sheria yangu haina mgonjwa. Weka mabano.

Kabonyeza. Nimetoka, kaingia Marta.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeamka, nimetazama shamba. Jicho jipya linaona kila jani lililolala. Bora lingebaki na ukungu – hapana, nafuta, asante Mungu.

Hodi. Marta.

"Kamwene, mzee. Maji yameshafika mpakani kwetu. Njoo tugawane."

Nikasema mimi sinywi maji ya huruma.

"Nani kakwambia unywe wewe? Si vitunguu?"

Frida kacheka mpaka kashika ukuta. Marta bado kasimama mlangoni, jembe begani.

Buti moja nimeshavaa.