Kompyuta Yangu Haikuwa Imeharibika

Mama Mukonyo,

Maharagwe nimeloweka, yainjike ukirudi sokoni. Kompyuta usiiguse. Waya wa intaneti nimeuchomoa makusudi, usiurudishe.

Nina hasira na sitaficha. Asubuhi nilikuwa naandika barua ya kumwomba mwalimu mkuu anirudishe darasani kufundisha, mara nikaona mshale unatembea wenyewe kwenye skrini. Kumbe ni Mukonyo, ameingia ndani ya kompyuta yangu akiwa kwake Ruiru! Akapunguza maandishi niliyokuwa nimeyakuza. Akaondoa pia ule mpangilio wa kubonyeza Shift, kuiachilia, halafu kubonyeza herufi. Tangu mkono wa kulia ufe, hivyo ndivyo ninavyoandika herufi kubwa.

Nikamwandikia palepale, "wacha". Akajibu, "Baba tulia. Mama alinipa namba ya kuingilia kompyuta yako nirekebishe, hii keyboard imeharibika."

Imeharibika! Yaani miezi minane mmeniona nikiandika hapa mezani, na hakuna aliyewahi kuuliza ninaandikaje?

Nimerudisha kila kitu mwenyewe. Saa nzima, kwa mkono mmoja. Barua imekamilika, naenda kuiprinti kwa saiba kisha niipeleke shuleni leo hii.

~~Usiniwekee chakula.~~ Niwekee, nitarudi na njaa.

Mukonyo akitaka kunisaidia, aje hapa nyumbani Makongeni Jumapili, aketi kando yangu, aulize kwanza. Na wewe vuta kiti. Wewe ulikuwa chumba cha pili tu, ungeniuliza.

Baba Mukonyo