Kabla ya Bodi ya Alhamisi

S.L.P. 212,
Kathiani,
Machakos.
23 Novemba 1997

Mpendwa Shangazi Nzembi,

Habari za Lodwar, na za hilo joto lenu? Natumaini wewe, Baba Linet na Linet mwenyewe mko wazima. Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Mguu wa mama umepata nafuu, sasa mwaitu anaenda kanisani bila fimbo. Ni hii mvua ya El Nino tu imetukosesha raha. Barabara ya Machakos imekatika tena, na nguo tunaanika jikoni.

Niko nyumbani kwa likizo fupi. Shangazi, mkubwa wangu kambini Mombasa alipeleka jina langu kwa bodi ya kuchagua maofisa wa jeshi la majini. Mimi sikuomba. Aliniita tu, akaniambia nimewekwa. Nitakaa mbele yao Alhamisi. Mwakani nitakuwa nimepita umri wanaotaka, kwa hivyo ni sasa, ama nibaki mwanamaji wa kusugua deki mpaka nistaafu.

Mwaitu ameshawaambia akina mama wa kanisa kwamba mwanawe ni ofisa. Hasemi atakuwa, anasema ni ofisa. Wananisalimia kwa heshima mpaka natamani kujificha.

Baba mdogo Reuben, unajua vile amekuwa mwalimu mkuu miaka mingi, alijitolea kunifanyisha mazoezi. Alijiweka mezani na miwani yake, nikaingia. Akaniambia niketi, nikabaki wima kama mlingoti wa stima. Akauliza, "Mashua imeshika moto na mkubwa wako hayuko. Utafanya nini?" Nikasema nitamtafuta mkubwa. "Na ukimkosa?" Nikasema nitamngojea. Dadangu Ndila alicheka mpaka akamwaga chai. Baba mdogo hakucheka, alivua miwani akaifuta.

Tumerudia kila siku. Kuketi nimejifunza, lakini lile jibu lingine limekataa kuja. Miaka hii yote nimeamka kwa filimbi na kulala kwa filimbi. Hata deki ikiwa safi nilisugua tu, mradi nimeambiwa. Na kwa hiyo kazi nilikuwa mzuri, ndiyo sababu wakanikumbuka.

Sasa nikueleze ya jana, na tafadhali yasimfikie mwaitu. Mchana mvua ilizidi, mtaro wa juu shambani ukapasuka, maji yakateremka yakielekea ghala ya maharagwe. Mwaitu alikuwa kwa jirani. Nilitoka na jembe mkononi. Niliyaona maji vizuri, hata nikajua pa kukata ndiyo yaelekee mtoni. Halafu nikasimama. Shangazi, nilikuwa nangoja mtu aseme. Ndila alitoka jikoni mbio, akaninyang'anya jembe, akakata tuta, maji yakageuka. Gunia moja lilikuwa limeshalowa. Alinirudishia jembe akarudi jikoni, na heri angenitukana.

Jioni mwaitu alikuta tuta limekatwa, akawaita majirani waje waone vile mwanamaji wake ameokoa ghala. Ndila alinyamaza. Nami nikanyamaza. Sijawahi kuona aibu kama hiyo.

Wataniuliza swali la namna hiyo, na najua nitasimama vile vile. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa hakuna ninayeweza kumwambia kwamba sina tumaini hata kidogo. Nimefikiria nijifanye mgonjwa. Hata hilo nimeshindwa kuamua.

Nisalimie Baba Linet sana, na Linet umwambie asome kwa bidii. Mungu awatunze huko mliko na awape maji ya kutosha, si kama haya yetu. Ukiniombea, usiombe nipite, omba tu mwaitu asiumie sana akisikia. Viatu nimeshang'arisha, na Alhamisi nitafika mapema kuliko wote. Usidhani nimepata moyo, shangazi. Nimeamriwa niende.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,

Kitheka