Nani Atakaa Nami Wiki Sita

Ukunda, Jumapili

Mke wangu Mama Rukia,

Assalaam alaikum. U hali gani, na mama anaendeleaje na kile kikohozi? Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi magotini. Huko chini ndiko kulikonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningekudanganya tena.

Nilikwambia sikuja harusi ya Rukia kwa sababu hoteli ninakofanya kazi ya kukwea minazi ilijaa wageni. Ule ulikuwa uongo. Nilianguka mnazini nikiangua madafu, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika, kikaunga vibaya. Sasa kimesagika kwa ndani. Kutoka chumbani hadi bombani napumzika mara mbili. Niliona haya, mkwezi mzima kuingia harusini na mkongojo. Siku ile nilikaa hapa peke yangu nikalia.

Daktari wa mifupa amenipa njia mbili: aiunganishe mifupa, maumivu yaishe lakini mguu ukakamae daima, au aniwekee kifundo cha bandia, kinachopinda, ila huchakaa na huenda nikapasuliwa tena. Akaniuliza nataka kuufanyia nini mguu huo. Nikamjibu, kukwea. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, minazi imekwisha. Chagua kwa ajili ya kutembea."

Akaeleza kwamba cha bandia hakitaki mizigo wala kuruka, kinamfaa mtu aliyekubali kutulia. Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga. Wiki nzima sikusema na mtu, na hakuna aliyeniuliza nina nini. Majirani wa hapa ni wa salamu tu, kisha kila mtu na mlango wake.

Basi nimekubali kutulia. Nataka cha bandia, nitembee nawe hadi kwa Rukia bila kusimama njiani. Lakini baada ya upasuaji sitaukanyagia mguu wiki sita, na hospitalini hawanipi siku ya kupasuliwa mpaka niwatajie mtu atakayekaa nami. Miaka yote hii Ukunda, sikupata hata jina moja la kutaja.

Mpe mama shikamoo yangu. Shemeji fundi cherehani mwambie kanzu yake naivaa kila Ijumaa. Rukia mweleze ukweli wote, na mumewe pia.

Nawe nakuomba mwenyewe, simtumi mtu: njoo. Kama una hasira, njoo nazo. Utanigombeza wiki sita nzima, na sitakuwa na mguu wa kukukimbia.

Mumeo,
Shee