Kuku Hamsini wa Hoteli ya Mpwa Wako

Chumba cha nyuma ya jiko,
Jumapili, tarehe 2.

Kaka, mpwa wako kafungua hoteli! Ghorofa nne, vyumba arobaini, na lifti inayoongea! Hata salamu nimezisahau.

Haya, nizirudie. Mpendwa kaka yangu, hujambo? Goti linaendeleaje? Wifi mzima? Sisi wazima, ila hamu yangu ya kula imepungua.

Hoteli ni ya wasafiri Waislamu. Kila chumba kina mshale wa kibla darini, msala na birika la kutawadhia. Bwawa la wanawake lina ukuta wake, hata ndege hachungulii. Pombe haivuki mlango. Mwanangu aliona watu wetu wanasafiri na mikate mikobani kwa kuogopa vyakula vya hotelini, akasema, "Mama, riziki yetu iko hapa." Akili hiyo kaitoa wapi kama si kwangu?

Lakini kaka, mchinjaji wetu ameondoka. Aliingia jikoni, kisu kakiviringisha kwenye kitambaa, akaniambia, "Mama, kwa siku nachinja kuku hamsini. Karatasi wanayonipa nitie saini inasema mia tatu." Hata chai hakungoja.

Nikamuuliza mwanangu. Akacheka. "Mama, wageni wengi, mkono mmoja. Kuku akishaiva nani anamjua?" Nami nikacheka, kisha nikaisogeza pembeni sahani yangu ya kuku.

Sasa maboksi yasiyo na maandishi yanashushwa mlango wa nyuma. Wiki ya pili hii mimi nakula mboga, nasingizia meno.

Juzi bibi mmoja mgeni alinishika mkono. "Mwanangu, miaka yote sili nyama safarini. Hapa nimekula nikashiba. Mungu awalipe." Kaka, awalipe! Nilishindwa kuitikia amina.

Mimi mpwa wako kanizidi maneno. Anayemwogopa duniani ni wewe mjomba wake, uliyemfundisha kushika kisu cha kuchinjia. Njoo nacho. Msifu kwanza, maana hoteli ni nzuri kweli, kisha mwombe akufungulie friza. Usiseme nimekuandikia.

Nisalimie wifi, mkweo fundi cherehani, na wale pacha watundu. Mungu akufikishe salama, na akutangulize wewe kabla ya aibu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mama Mwenye Hoteli.

Nimesahau: ukoo mzima nimeualika kuja kuiona hoteli, na mabasi matatu ya wageni yanaingia siku hiyo hiyo. Kuku wao wanashushwa Alhamisi, tarehe 13. Watu wote wanafika Ijumaa, tarehe 14.