Barua za Asumani Nilizokusomea

Mpendwa mama,

Leo asubuhi niliwaambia watoto wa darasa la kwanza wafumbe macho, vibao vyao vikiwa bado chini ya benchi. Nikasema: samaki, sufuria, ndizi. Neno lipi limepotea njia? "Ndizi, mwalimu," wakajibu, na binti mmoja wa mtaa wa Alunguli akaongeza kwamba yale mengine yanaanza kama mvuke wa treni, sss. Mkaguzi, padri wa kizungu, alisimama mlangoni akitikisa kichwa. Kwake yeye shule ni chaki. Sikumwambia kwamba mchezo ule nilifundishwa na wewe, ambaye hukuijua hata a.

Unakumbuka? Ulikuwa ukipepeta mchele, mimi na kaka Asumani tumekaa mbele yako, macho tumefumba. "Sikio njo inaanza, mukono inafuata," ulikuwa unasema. Unatamka neno, tunatafuta linaanza na mlio gani, linaishia na upi. Kisha unasimulia hadithi ya jana na kubadilisha kitu kidogo tu, jina la kijiji au rangi ya mbuzi, na asiyekamata hapati ukoko. Asumani alikamata kila mara. Mimi ulinitania: "Weye, hizi masikio ni za kupamba kichwa tu?" Nilikasirika kweli. Lakini nilipoingia shule herufi hazikunisumbua, maana milio yake nilikuwa nayo tayari.

Kisha Asumani akachukuliwa kwa mkataba wa migodi ya Katanga. Barua zake zilikuja kwa treni, nami nikawa msomaji wako. Nikimaliza, unasema, "Rudilia." Nasoma mara ya pili, na midomo yako inanifuata neno kwa neno, umeshayashika yote.

Halafu ikaja ile karatasi ya Kifaransa yenye mhuri. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta. Asumani alifunikwa na udongo mgodini, na walikuwa wameshamzika. Nilipofika nyumbani uliona bahasha, ukafuta mikono, ukakaa. Sikuweza, mama. Nikafungua kinywa na kusema Asumani anakusalimu, amepata godoro jipya, anakohoa kidogo lakini ni baridi ya kule tu.

"Rudilia," ukasema.

Nikarudilia. Safari hii godoro likawa blanketi, na kikohozi nikakisahau kabisa. Ulinitazama kidogo, ukarudi kwenye mchele wako. Niliona nimepona. Baada ya miezi michache nikatunga nyingine, na nyingine tena. Ulizisikiliza mpaka mwisho, lakini hukuomba tena nirudilie. "Inatosha, mwana. Asanti." Na mimi mjinga nikashukuru. Kutwa nzima nawasifu watoto kwa kukamata mlio mmoja uliobadilika, kisha narudi nyumbani na kumdhani mama yangu kiziwi.

Siku uliyofariki, wanawake waliokuosha waliniita pembeni. Mama mudogo, ndugu yako, alinishika mkono. "Amisi, mama yako alikuwa mu matanga ya nani?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba walipokuvua kitambaa cha kichwa walikuta umenyoa nywele zote, tena si zamani, kama anavyonyoa mwanamke aliyefiwa na mtoto. Mwenzako mmoja wa sokoni akasema alikuona na wembe tangu mwaka ule Asumani alipopata godoro.

Tangu hapo sina raha. Darasani nikitamka mlio na watoto wakaurudia, nasikia sauti moja zaidi nyuma ya zao, ya mtu mzima. Nawahesabu. Wametimia, na sauti bado ipo. Naogopa, na siku nisipoisikia naogopa zaidi.

Ulilia wapi, mama? Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja na ukuta wa fito, na sikuwahi kukusikia. Ungeniuliza mara moja tu ningekwambia. Labda uliona mimi ndiye siwezi kuubeba msiba ule, ukaninyamazia, kila mmoja wetu akimficha mwenzake maiti ileile.

Basi nakuandikia niliyopaswa kusema siku ile mlangoni: Asumani amekufa, mama. Njoo tulie.

Lala salama karibu naye, kama huko kuna ukaribu.

Mwanao uliyebaki naye,
Amisi