Nguo ya Katikati

Rungwa,
9 Julai 1977

Mdogo wangu mpendwa Marietha,

Shikamoo yako imenifikia, nami nimeijibu marahaba kwa sauti, ingawa humu ndani hakuna wa kuisikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Melkizedeki, na kwamba upepo wa Julai hapo Mgori haujakiamsha kile kifua chako. Mimi sijambo, isipokuwa macho, ambayo siku hizi hayaoni tundu la sindano mpaka jua la saa nne. Tangu tulipohamishiwa kwenye nyumba hizi za mstari za kijiji cha ujamaa, miaka mitatu sasa, cherehani yangu inakaa mlangoni, na wenyeji wananiita Mzee Mnyaturu tu. Nimekwisha zoea.

Nimefurahi kusikia kwamba mke wa mwanao Nathanaeli ni mjamzito na mtoto anatarajiwa mwezi wa tisa. Umeniomba nikufundishe kushona blanketi la vipande, kwa kuwa unasema mikono yako haijui pa kuanzia. Nitakufundisha. Ila nakuomba kwanza kitu kimoja: usilifungue lile sanduku la bati uliloniandikia mpaka uimalize barua hii, na uisome ukiwa peke yako.

Unakumbuka kwamba nilifundishwa na Bhanu, mke wa Ramniklal, nilipokuwa fundi kwenye baraza ya duka lao pale Singida mjini. Kwao blanketi hili wanaliita godri. Alinicheka sana. Alisema mishono yangu inatembea kama mtu atokaye kilabuni, na kwamba fundi wa mashine akipewa sindano ya mkono anageuka mtoto mchanga. Nilifumua mara nne kabla hajanyamaza.

Kusanya nguo kuukuu za pamba, zile zilizolainika. Chemsha kila moja, hata ile unayoiona ni safi, mpaka maji yatokote, kisha anika juani kutwa nzima. Usiruke hatua hii. Kata kipande cha boksi, pande zote nne ziwe shubiri moja ya mkono wako, ukitumie kama kipimo cha kukatia vipande vyote. Ukipima kwa macho vitakukataa wakati wa kuunganisha. Unganisha vipande vya mstari mmoja kwanza, halafu mstari na mstari. Uzi upitishe kwenye nta ili usijisokote. Nta nimekuwekea humu, ni ya mizinga ya huku.

Sasa tandika mkekani tabaka tatu. Chini nguo moja pana, juu vile vipande ulivyounganisha, na kati yake nguo ya katikati. Zipige bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, ndipo ushone kwa mishono midogo ukianzia katikati na kwenda pembeni, la sivyo blanketi litafanya tumbo. Nguo ya katikati ndiyo inayoleta joto, na ikishafungwa haionekani tena. Bhanu aliniambia kwamba mama yake aliweka hapo nguo aliyoipenda kuliko zote, iliyochakaa mno kuvaliwa. Neno hilo nililishika kuliko mishono yote.

Umeniandikia kwamba nguo ya katikati unayo tayari. Unasema blanketi nililomshonea Dorkas wako halikuchomwa. Kwamba bwana afya alipokuja kuchukua mkeka na kanga, ulikuwa umekwisha kulificha kwenye sanduku la bati, na kwamba miaka kumi na minne hujalifungua. Unataka kuliweka zima ndani ya hili jipya, ili mjukuu wako afunikwe na shangazi yake ambaye hakumwona. Nilipofika hapo niliiweka karatasi yako chini nikatoka nje. Miaka yote hii nilijua kwamba limekuwa majivu.

Marietha, usifanye hivyo.

Ndugu yetu Andrea aliporudi kutoka Sekenke na ndui, mwezi wa pili mwaka sitini na tatu, mimi ndiye niliyemuuguza, kwa kuwa nilikuwa nimechanjwa mjini. Alipokufa, bwana afya aliniagiza mimi nichome kila alichokigusa. Nilichoma mkeka, nikachoma blanketi na suruali zake. Shati lake la buluu sikulichoma. Lilikuwa shati la kwanza nililolishona bila mtu kunisimamia, na mama alikuwa anazunguka nje ya uzio akiuliza kama hakuna hata kitambaa kimoja kitakachobaki cha mwanawe. Sikulifua pia, kwa sababu nilitaka libaki na harufu yake.

Mwezi wa tano ukajifungua Dorkas. Watu wa chanjo walikuwa wamekwisha pita Mgori. Wewe, Nathanaeli na kila mtu wa nyumba mlikuwa na kovu mkononi, yeye hakuwa nalo. Nikamshonea blanketi kwa ajili ya baridi, na shati la Andrea nikaliweka katikati. Nilidhani kitu kilichofunikwa kwa nguo mbili na kushonwa mishono ya karibu karibu kimefungwa. Hayo ni mawazo ya fundi cherehani.

Mama mkwe wako, Bibi Anastazia, alilijua. Nilipolileta alilipeleka puani, akasema nguo hii ina harufu ya mtu, akaniuliza ndani nimeweka nini. Nikamtania kwamba mama, pua yako imeharibiwa na ugoro. Mkacheka nyote, naye akacheka kidogo. Lakini mara mbili alilitoa kwa mtoto akamfunga shuka lake mwenyewe, na mara mbili ulilirudisha ukisema mzee huyu ana wivu na vitu vya kwetu.

Kilichofuata unakijua. Wiki mbili, homa, kisha vipele, na katika kijiji kizima akaugua na kufa yeye peke yake. Watu wakauliza imekuwaje nyumba moja, mtoto mmoja. Kwenye kikao cha ukoo ulisimama ukasema ulichokiona: kwamba mama mkwe alimnyima mtoto joto, na kwamba alisema habari ya harufu ya mtu kabla hata mtoto hajaugua. Mzee mmoja akadakia kwamba hayo si maneno ya mtu asiyejua kitu. Melkizedeki akatoa mzigo wa mama yake mwenyewe akauweka mlangoni.

Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo, karibu na mlango, mzigo ulipita mbele ya magoti yangu. Nilikuwa nimekwisha jua. Baadaye nimesoma vitabu vya afya, vinaeleza vumbi la magamba ya ndui linavyokaa kwenye nguo, lakini sitajificha nyuma ya vitabu. Nilijua siku ile Dorkas alipotoka vipele, maana bwana afya alikuwa ameniambia sababu ya kuchoma. Kwenye kikao nilifungua kinywa changu, nikaomba maji ya kunywa.

Bibi Anastazia alishika njia ya msituni kwenda kwa kaka zake. Warina asali waliikuta maiti yake siku ya nne. Kwa hiyo usiamini tena kwamba nilihamia huku kwa kufuata kazi.

Wewe hukusema uongo. Ulisema uliyoyaona, na aliyekuwa na maneno yaliyobaki ni mimi. Namwandikia Melkizedeki barua yake mwenyewe. Itafuata wiki ijayo, baada ya wewe kuipata hii.

Sasa fanya hivi. Usilifungue sanduku, usifumue hata mshono mmoja. Nenda kwanza zahanati uwaeleze habari yote, na waulize juu ya chanjo ya mkweo na ya mtoto atakapozaliwa. Kisha sanduku lichomwe shambani likiwa limefungwa, mbali na watoto, na majivu yafukiwe. Sijui kama miaka kumi na minne inatosha kuua kitu kile. Nimetafuta jibu, vitabu havikubaliani.

Gasto, dereva wa lori anayekuletea bahasha hii, anayo pia yadi tatu za kitambaa cha pamba cha marekani. Iweke hiyo katikati. Nimeichemsha, ingawa ni mpya. Haijavaliwa na mtu, na haina harufu ya mtu.

Mmesema akiwa msichana ataitwa Dorkas. Jina la mtoto ni lenu. Mimi ninalo jingine moyoni, nawe unalijua, lakini sina haki ya kulitaja.

Nisalimie Nathanaeli na mkewe, na wote wa kwetu ambao bado wananikumbuka. Ukiniandikia tena, usijilazimishe kuanza na shikamoo. Anza tu na habari za mtoto.

Ni mimi kaka yako,
Gaspari